Mzuiaji wa kati ni nani? Mtazame Eda Erdem

Ukiitazama timu ya wanawake ya Uturuki ya mpira wa wavu kwa mara ya kwanza, utashangaa: nahodha anatolewa uwanjani kila baada ya pointi chache. Hajaumia wala hajakosea. Nafasi yake ndiyo ilivyo. Ni mzuiaji wa kati.

Huyu husimama katikati ya mstari wa mbele, wavu wa mita 2.24 ukiwa mbele ya uso wake. Seta wa wapinzani, yaani yule anayewaandalia wenzake mpira wa kupiga, akiupeleka pembeni, yeye hukimbia kuungana na mwenzake aliye huko, mikono minne inyooke pamoja juu ya wavu. Akichelewa hatua moja, hubaki upenyo katikati yao, na mpigaji hodari hupitisha mpira hapohapo.

Kushambulia nako kuna ujanja wake. Mipira mingi hupelekwa pembeni, lakini yeye lazima aruke kana kwamba kila mpira ni wake, ili mzuiaji wa upande wa pili abaki naye. Mruko huo hauandikwi popote kwenye takwimu, na kwangu mimi ndio mtamu kuutazama kuliko smashi yenyewe.

Eda Erdem, mzaliwa wa Istanbul mwaka 1987, aliyejiunga na klabu ya Fenerbahçe mwaka 2008, ana pigo alilolizoea: hupita nyuma ya seta sambamba na wavu kuelekea kulia, akaruka kwa mguu mmoja na kupiga huku mwili ukizidi kusogea. Aliyekuwa akimkaba hujikuta anazuia hewa.

Mwaka 2023, yeye akiwa nahodha, Uturuki ilitwaa Ligi ya Mataifa kwa kuifunga China seti 3-1 huko Arlington, Marekani, kisha ubingwa wa Ulaya kwa kuilaza Serbia 3-2 mjini Brussels. Siku hiyo ya Brussels Melissa Vargas, mpigaji wa kulia, alifunga pointi 41.

Sasa, mbona Eda anatoka? Wachezaji huzunguka nafasi, na mzuiaji wa kati akifika nyuma, hapo panahitaji mtu mwepesi wa kuokota mipira ya chini: libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti. Eda huanzisha mpira kwanza zamu yake inapofika. Wapinzani wakichukua pointi, libero anaingia, mwenzake mwingine anashika unahodha uwanjani, naye anasubiri kando hadi mzunguko umrudishe mbele.