Simu hazijafika, na tayari watoto hawakuona mbali

Mzazi akiambiwa mwanawe haoni mbali, lawama ya kwanza huiangukia simu. Ya pili huenda kwa ukoo: "Mbona kwetu hakuna aliyewahi kuvaa miwani?" Simu haina usafi wa kuitetea, na kurithi kupo, lakini tazama Marekani. Mwaka 1971–1972, kati ya watu wa miaka 12 hadi 54, wasioona mbali walikuwa asilimia 25. Vipimo vya 1999–2004 vikakuta karibu asilimia 42. Simu janja zilikuwa bado hazijaenea, na damu ya ukoo haigeuki ndani ya miaka 30.

Asia Mashariki ndiko hali ilikofika pabaya. Seoul, mwaka 2010, vijana wa kiume wa miaka 19 walipimwa kwa ajili ya jeshi: asilimia 96.5 hawakuona mbali.

Tatizo lenyewe ni urefu. Jicho la mtu mzima lina kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likirefuka milimita moja zaidi, taswira hutua kabla ya kuifikia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na namba ya miwani huzama upande wa hasi, ule wa wasioona mbali, kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) mbili na nusu hivi. Jicho likisharefuka halirudi. Miwani husahihisha taswira tu, na mwenye hasi 6 au zaidi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, hata akiwa na miwani nzuri kiasi gani.

Sasa, kwa nini lirefuke? Utafiti ninaoupenda ulilinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Singapore na wenzao wa Sydney. Singapore wasioona mbali walikuwa asilimia 29, Sydney 3.3. Wazazi wasioona mbali walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Ajabu ni kwamba wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa nje: wa Sydney walikaa nje saa 13 na ushei kwa wiki, wa Singapore saa 3. Huko Guangzhou shule zikaongeza dakika 40 za nje kila siku ya masomo, na baada ya miaka 3 waliopata tatizo walikuwa asilimia 30, dhidi ya karibu 40 kwenye shule ambazo hazikubadili ratiba.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga: mwanga mkali huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, nayo huzuia jicho lisirefuke. Darasani hupati zaidi ya luksi (kipimo cha mwanga) mia chache. Chini ya mwembe, kivulini kabisa, unapata maelfu. Ila kucheza nje humsaidia zaidi ambaye bado hajaanza. Aliyekwisha anza hatapona kwa kutolewa nje.

Kwetu bado tuko chini. Utafiti wa wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa 2002, ulikuta kama asilimia 6 hawaoni mbali, na wengi waliohitaji miwani hawakuwa nayo. Mzigo wetu mkubwa uko kwa watu wazima: fundi cherehani wa miaka 45 asiyeweza tena kutunga uzi, ambaye miwani ya kusomea tu ingemrudisha kazini. Lakini mtoto wa leo mjini hutoka darasani akaenda twisheni, akatoka twisheni giza limeingia. Hilo linanitia wasiwasi kuliko simu.

Neno kuhusu kampeni za kupima shuleni. Mtoto ana misuli ya jicho yenye nguvu. Akiangalia ndani ya mashine ya kupimia macho huikaza, na mashine inasoma hasi. Nimeona mashine ikitoa hasi 1.25, nikamtia matone ya kulegeza misuli, nikasubiri nusu saa, nikapima tena: chanya 0.50. Mtoto huyo hahitaji miwani. Takwimu zilizokusanywa bila matone huongeza watu wasiokuwepo, kwa hiyo ukisikia asilimia ya kutisha, uliza kwanza walipimaje. Mwanao pia akiandikiwa miwani ya hasi kwa mara ya kwanza, uliza kama alitiwa matone. Akitiwa, ataona ukungu wa karibu mpaka kesho yake; mwandikie mwalimu asimpe kazi ya kusoma.