Je, wajua kwa nini maoni ya umma hayahesabiwi kama kura?

Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliwauliza watu swali la afya: je, sigara zote ziuzwe katika pakiti za sura moja, zisizo na nembo wala rangi ya kumvutia kijana? Kuanzia Aprili hadi Agosti majibu yakamiminika. Yale ya kampeni peke yake, yaani kadi za posta na orodha za sahihi, yalizidi 665,000, na karibu theluthi mbili yalisema hapana. Machi 2015 wabunge wakazipitisha kanuni za pakiti hizo kwa kura 367 dhidi ya 113, na Mei 2016 zikaanza kutumika.

Ukilisikia hilo mara ya kwanza utasema: basi walituuliza ya nini? Waliokataa walikuwa wengi, wakapuuzwa.

Jibu liko katika aina ya swali lenyewe. Kura huuliza, "Mnataka nini?" Ukusanyaji wa maoni huuliza, "Tumesahau nini?" Katika kura kila mtu ana karatasi moja, na kuna daftari la wapiga kura. Katika maoni hakuna daftari. Wanaojibu wamejichagua wenyewe, na mara nyingi kuna aliyewaletea kadi iliyokwisha kuandikwa, wao wakaweka sahihi tu. Kadi 10,000 zenye maneno yaleyale zinamwambia msomaji kwamba jambo hili limewagusa watu 10,000. Kuhusu jambo lenyewe, zinamwambia kitu kimoja tu.

Mbali na lundo hilo la kadi, yalifika majibu 2,444 ya kina, yaliyoandikwa na watu na taasisi zilizojieleza. Humo picha iligeuka: asilimia 53 waliunga mkono, asilimia 43 walipinga. Hata hivyo asilimia hizo nazo hazikuwa ndizo zilizoamua. Julai 2013 serikali ilisitisha uamuzi, ikisema inasubiri kuona yanayotokea Australia, nchi ya kwanza kuzitumia pakiti hizo, iliyokuwa imeanza Desemba 2012. Kisha ikampa kazi daktari wa watoto, Cyril Chantler, apitie ushahidi upya. Ripoti yake ya Aprili 2014 ilisema kuna uwezekano mkubwa pakiti hizo zikachangia kupunguza uvutaji, si kwa kiasi kikubwa, lakini kwa kiasi chenye maana. Hapo ndipo mambo yalipoanza kusogea tena.

Sisemi kadi za kampeni ni karatasi za kutupa. Mwanasiasa anajua kuhesabu, na lundo la kadi linamwambia mahali penye moto. Ila moto na hoja ni vitu viwili. Ndiyo maana pia waliojibu waliulizwa kama wana uhusiano wowote na kampuni za tumbaku. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Anayeuza ana haki ya kusema, lakini ijulikane kwamba ni yeye anayesema.

Sasa hoja moja hufanyaje kazi? Chukulia mfano wa kubuni. Wizara inapanga kuhamishia huduma ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa yenye mashine mpya. Kwenye ramani, umbali ni kilometa 20. Wanakuja watu 500 wanaosema, "Hatutaki." Anakuja mmoja anayesema: "Mimi husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Zamu yangu ya jioni ikiisha, basi la mwisho limeshaondoka." Maofisa wana hesabu ya mashine, ya wauguzi na ya umeme. Ratiba ya basi haimo kwenye majedwali yao. Huyo mmoja amewapa kitu ambacho wale 500 hawakukitaja, na mpango unaweza kubadilika kwa sababu yake: zamu zikapangwa upya, au usafiri ukatolewa.

Ndivyo wachambuzi wanavyosoma. Kila jibu hupitiwa na kila hoja iliyomo huwekewa alama: usafiri, gharama, imani, usalama wa mgonjwa, lugha. Majibu yanayofanana neno kwa neno huwekwa fungu moja, na idadi yake hutajwa. Mwishoni inatoka orodha ya hoja, pamoja na maelezo ya nani aliyezitoa: wagonjwa, wauguzi, wenye biashara, mashirika. Ni kazi ya kuchosha, na si kila ofisi huifanya vizuri.

Ofisi isipofanya vizuri, je, kuna wa kuidai? Katika nchi kadhaa yupo: mahakama. Uingereza ina kanuni nne zilizotokana na kesi ya Gunning ya mwaka 1985, iliyohusu shule za Brent, London. Ya kwanza, watu waulizwe wakati wazo bado ni bichi, si baada ya uamuzi kufungwa. Ya pili, wapewe sababu na taarifa za kutosha ili wajue wanajibu nini. Ya tatu, wapewe muda wa kufikiri na kujibu. Ya nne, walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya kuamua. Kwa maoni yangu ya kwanza ndiyo mama yao. Ukimuuliza mtu kuhusu wodi ambayo vitanda vyake vimeshabebwa, hata ukimpa mwaka mzima wa kujibu, humpi kitu.

Kanuni hizo zilitoka shuleni zikaingia kwenye afya na matunzo. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya kufungwa kwa Mardon House, makao ya watu wenye ulemavu mkubwa mjini Exeter. Wakazi walipohamishiwa pale waliahidiwa kwamba hapo ni kwao kwa maisha yao yote. Mahakama ilizitaja kanuni nne, ikasema kwamba maoni yalikusanywa ipasavyo. Hata hivyo uamuzi wa kufunga ukaanguka, kwa kuwa ahadi ilikuwa imevunjwa bila sababu nzito ya kutosha. Ofisi inaweza kuuliza vizuri na bado ikakosea katika kuamua.

Kinyume chake kilitokea Afrika Kusini. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliamua kesi iliyofunguliwa na shirika la madaktari, Doctors for Life International. Sheria mbili za afya zilibatilishwa: moja ya waganga wa jadi, nyingine ya marekebisho kuhusu utoaji mimba. Majaji hawakusema kwamba ni sheria mbaya. Walisema kwamba baraza la Bunge linalowakilisha majimbo halikuwashirikisha wananchi kama katiba inavyotaka, katika mambo yaliyojulikana kuwagusa watu wengi. Bunge likapewa miezi 18 kurekebisha, sheria zikarudishwa kwa wananchi, kisha zikapitishwa upya. Kwa anayetaka matokeo tu, huo ni mzunguko wa bure. Lakini kuna mganga wa jadi ambaye safari ya kwanza sheria ilipita juu ya kichwa chake, na ya pili ikapitia kwake.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna jaji anayeitibu. Anayehitaji huduma zaidi ndiye mwenye nafasi ndogo ya kujibu. Mama anayemuuguza mzee usiku na mchana hana saa mbili za kusoma waraka wa kurasa 80. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa na la kusema kuhusu makao yake, lakini waraka umeandikwa kwa lugha ya mwanasheria. Ndiyo maana ofisi makini hutoa toleo la maneno mepesi yenye picha, hupokea maoni kwa sauti, na huenda kwenye kliniki na makao yenyewe badala ya kusubiri barua. Ofisi isiyofanya hivyo itapata maoni mengi mazuri ya watu wenye afya njema na muda wa kutosha.

Brazil ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1986 watu zaidi ya 4,000 walikutana katika mji mkuu, Brasília, kwenye mkutano wa nane wa taifa wa afya, na mapendekezo yao yakachangia kuzaliwa kwa mfumo wa afya ya umma ulioandikwa katika katiba ya 1988. Mwaka 1990 sheria ikaunda mabaraza ya kudumu ya afya, kuanzia taifa hadi manispaa, ambamo nusu ya viti ni vya watumiaji wa huduma, na nusu nyingine ni ya serikali, watoa huduma na wafanyakazi wa afya. Hapo watu hawasubiri kuulizwa. Wamo ndani ya chumba, na wanapiga kura. Sheria hiyohiyo lakini inataka maamuzi ya baraza yaidhinishwe na mkuu wa serikali wa ngazi husika.