Shahada ya Uzamivu katika Rasilimali Watu: Maana Yake na Namna ya Kuichagua Nchini Uganda

Shahada ya uzamivu (PhD) katika rasilimali watu ni mafunzo ya utafiti yanayomwandaa mtu kuzalisha maarifa mapya kuhusu kazi na wafanyakazi: jinsi watu wanavyoajiriwa, wanavyolipwa, wanavyopandishwa vyeo, wanavyoumia kazini, wanavyogoma na wanavyoacha kazi. Hapo ndipo inapotengana na shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida humfundisha mwanafunzi kutumia maarifa yaliyokwisha kupatikana. Afisa utumishi wa wilaya mwenye uzamili hutarajiwa kujua namna ya kuendesha mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Mwenye uzamivu hutarajiwa kuuliza kama mfumo huo unapima kile unachodai kupima, akusanye ushahidi, auchambue, kisha ayatetee majibu yake mbele ya watahini ambao kazi yao ni kuyatikisa.

Tofauti hii inapaswa kueleweka kabla ya fomu yoyote kujazwa, kwa sababu waombaji wengi huuchukulia uzamivu kuwa ngazi inayofuata tu baada ya uzamili, yaani cheti kikubwa zaidi cha kazi ileile. Anayetaka kuwa meneja bora wa wafanyakazi ana njia fupi na nafuu zaidi, zikiwemo kozi za kitaaluma na miaka ya kazi chini ya wakubwa wenye uzoefu. Uzamivu unamfaa mtu mwenye swali linalomnyima utulivu, ambaye yuko tayari kuishi nalo miaka mitatu, minne au hata zaidi ya hapo. Ipo pia shahada ya udaktari katika uendeshaji wa biashara, maarufu kwa kifupi cha DBA, ambayo huwalenga mameneja wanaotaka kuchunguza tatizo la taasisi kwa njia za kitafiti na kulipatia ufumbuzi. Si shahada duni, lakini anayekusudia kufundisha chuo kikuu na kupanda vyeo vya kitaaluma atakuwa salama zaidi akiwa na PhD.

Jambo la pili ni kwamba rasilimali watu si taaluma moja yenye mipaka yake. Ni uwanja wanamokutana wanasaikolojia, wachumi, wanasheria, wanasosholojia na wataalamu wa utawala wa umma, kila mmoja akiwa na vifaa vyake. Chukua suala ambalo kila Mganda aliyepita shule ya sekondari analifahamu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa masomo ya sanaa wakiachwa walipokuwa, na mwaka huohuo walimu wakagoma. Katika chumba kimoja cha walimu, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia wanagawana meza, wanasahihisha mitihani ya watoto walewale, lakini mishahara yao iko mbalimbali kabisa.

Mwanasaikolojia wa kazi akiingia katika chumba hicho atauliza mwalimu wa historia anaupimaje mchango wake akijilinganisha na jirani yake, na ulinganisho huo unafanya nini kwa juhudi zake. Huenda akaanzia kwenye nadharia ya usawa ya John Stacey Adams, iliyojengwa Marekani katika miaka ya 1960, ambayo inasema kwamba mtu huulinganisha uwiano wa anachotoa na anachopata na ule wa mwenzake. Mchumi hataanza na hisia. Atataka kujua kama nyongeza ile iliwavuta wahitimu zaidi wa sayansi kuingia ualimu, na kama iliwazuia waliokuwamo wasihame. Mwanasheria ataifungua Katiba ya mwaka 1995 katika ibara ya 40, inayotaka kazi sawa ilipwe malipo sawa bila ubaguzi, na kuuliza kama kufundisha fizikia na kufundisha historia ni kazi sawa kisheria. Mtaalamu wa utawala wa umma atafuata mafaili: nani alitoa pendekezo, nani alipinga, bajeti ilipitaje. Mwanasosholojia atakwenda kukaa na viongozi wa vyama vya walimu.

Hizo ni tasnifu tano tofauti, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuziandika zote vizuri. Mbinu zinazofundishwa kwa mchumi, kama vile kuchambua takwimu za mishahara za miaka mingi, hazifanani na zile za mwanasosholojia anayetumia miezi kadhaa kusikiliza na kuandika. Ndiyo maana naamini kwamba uchaguzi wa programu huanza na swali lenyewe, kisha taaluma inayolijibu swali hilo vizuri zaidi, kisha msimamizi, na chuo kiwe cha mwisho. Waombaji wengi huupindua mpangilio huo: huanza na jina la chuo, wakalipa ada, halafu wakaanza kutafuta mada.

Kwa Uganda, jina la programu linaweza kumpoteza mwombaji. Watafiti wa kazi na ajira katika Chuo Kikuu cha Makerere wametawanyika: wako waliomo kwenye biashara na usimamizi, wako wa saikolojia, wako wa sosholojia na wa sheria. Shule ya Biashara ya Makerere, iliyoko Nakawa, ilizaliwa mwaka 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha biashara kilichokuwa hapo. Taasisi ya Usimamizi ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1969, ina mizizi katika mafunzo ya watumishi wa serikali, na uzamivu wake umo katika usimamizi na utawala. Anayetafuta maneno “rasilimali watu” kwenye mlango wa kila idara anaweza kuipita programu inayomfaa kuliko zote. Tasnifu kuhusu ajira ya vibarua katika mashamba ya miwa inaweza kukaa vizuri kabisa katika sosholojia, na shahada itakayotoka huko haitamzuia mtu kufundisha usimamizi wa wafanyakazi.

Msimamizi wa utafiti ndiye nguzo, na hapa sipunguzi uzito wa neno. Chuo chenye sifa kubwa hakimsaidii mwanafunzi ambaye msimamizi wake hasomi rasimu. Kwa kawaida mwanafunzi hupewa wasimamizi wawili, lakini mmoja ndiye hubeba mzigo. Kabla ya kuomba nafasi, soma makala mbili au tatu alizoandika karibuni, uone kama bado anafanya utafiti katika eneo lako au aliliacha zamani. Kisha watafute wanafunzi wake wa sasa. Usiwaulize kama ni mtu mwema, kwa maana watasema ndiyo. Waulize rasimu ya mwisho waliyompa ilirudi baada ya muda gani, na ilirudi na nini: maoni yaliyoandikwa ukurasa kwa ukurasa, au neno moja la kuwataka waendelee? Waulize pia mwanafunzi wake wa mwisho kuhitimu alimaliza lini, na walio chini yake kwa sasa ni wangapi. Profesa mwenye wanafunzi wengi mno, vikao vingi na safari nyingi anaweza kuwa msomi mkubwa na bado akawa msimamizi asiyepatikana.

Nenda pia maktaba ukaombe tasnifu mbili au tatu zilizotetewa katika idara hiyo. Fungua sura ya mbinu za utafiti kabla ya kitu kingine chochote. Je, mwandishi anaeleza kwa nini aliwachagua wafanyakazi hao na si wengine, au anatoa fomula ya kukokotoa sampuli na kuendelea? Je, vielelezo vyake vya nadharia vimejaribiwa dhidi ya hali ya Uganda, au vimepachikwa tu? Idara ambayo tasnifu zake zote zina umbo moja, yaani kuchunguza “athari” za kitu fulani kwa “utendaji wa wafanyakazi” katika shirika moja, kwa hojaji moja iliyogawiwa mara moja, inakuonyesha itakavyokufundisha. Makerere hutangaza utetezi wa tasnifu za uzamivu unaofanyika hadharani, na kuhudhuria mmoja kunafundisha mengi: sikiliza maswali yanayoulizwa, na uone kama yanaugusa ushahidi au yanaishia kwenye mpangilio wa vichwa vya sura.

Kuhusu umbo la hoja, jambo moja linastahili kusemwa kwa kirefu. Sehemu kubwa ya nadharia za rasilimali watu ilijengwa kwenye viwanda na makampuni makubwa ya Marekani na Ulaya, mahali ambapo mfanyakazi ana mkataba, ana mkuu wa idara na ana hati ya mshahara. Wengi wanaofanya kazi Uganda hawamo kwenye orodha yoyote ya mishahara. Wako mashambani, sokoni, kwenye bodaboda, katika karakana za Katwe, mtaa wa mafundi jijini Kampala. Hata sheria imechelewa kulifikia jambo hili. Kwa miaka mingi, michango ya lazima ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambayo ni asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi, iliwahusu waajiri wenye wafanyakazi watano au zaidi, hadi marekebisho ya mwaka 2022 yalipowajumuisha waajiri wote bila kujali idadi. Je, mwenye karakana ya watu watatu anaajiri vipi, anamfukuza mtu vipi, na nani anamfundisha kazi kijana mpya? Maswali kama hayo bado yana nafasi pana, na programu itakayokuruhusu kuyauliza ina thamani kuliko ile itakayokusukuma urudi kwenye benki au wizara kwa sababu tu huko hojaji hujazwa haraka.

Hojaji yenyewe ina hatari ambayo watafiti walioajiriwa huisahau. Waombaji wengi wa uzamivu huu ni maafisa wa rasilimali watu wanaotaka kuchunguza taasisi zao wenyewe, kwa kuwa huko ruhusa ni rahisi. Sasa mfikirie karani anayepokea karatasi kutoka kwa mkuu wake wa utumishi, ikimwuliza kama ameridhika na uongozi, na karatasi hiyo ikusanywe na msimamizi wake wa kila siku Ijumaa jioni. Atajibu kinachomlinda. Hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kuyaponya majibu ya namna hiyo. Programu nzuri italiona tatizo hili kwenye pendekezo la utafiti na kulikataa. Kamati ya maadili ya utafiti nayo inapaswa kuliona, kwa sababu utafiti unaohusisha watu nchini Uganda hupitia kamati hiyo na kusajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Hatua hizo huchukua muda, na ratiba isiyozihesabu itachelewa tangu mwanzo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna suala la lugha. Tasnifu ya rasilimali watu katika vyuo vya Uganda huandikwa kwa Kiingereza, lakini mahojiano yanaweza kufanywa kwa lugha anayoifikiria mhojiwa. Kiswahili, kilichotambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ndicho kitamfungulia mtafiti madereva wa malori mpakani Malaba, wachuuzi wa mji wa mpakani wa Busia au walinzi wa makampuni binafsi. Muulize msimamizi mtarajiwa kama atakubali ushahidi uliokusanywa kwa Kiswahili, na nani atahakiki tafsiri yake.

Ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundisha programu, haihitaji maneno mengi, lakini haiachwi. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, huithibitisha kila programu na si chuo peke yake, na ithibati hiyo ina muda wake. Mwaka 2023 kulizuka mjadala mkubwa nchini ilipoonekana kwamba programu nyingi, zikiwemo za vyuo vikongwe, zimeorodheshwa kuwa muda wake umekwisha. Angalia orodha ya Baraza mwenyewe, kwa jina kamili la programu. Anayesoma nje ya nchi au kwa njia ya mtandao aulize mapema kama shahada hiyo italinganishwa na kutambuliwa na Baraza hilo atakaporudi nayo. Chuo kinachoahidi uzamivu kwa mwaka mmoja, bila msimamizi anayejulikana na bila mtahini wa nje, kiepukwe hata kama ada yake ni ndogo.

Muundo wa masomo nao huamua nani atamaliza. Ziko programu za utafiti mtupu, ambamo mwanafunzi huanza na pendekezo lake na kuendelea peke yake, na ziko zenye masomo ya darasani kabla ya utafiti. Kwa mtu aliyekaa ofisini miaka kumi bila kushika kitabu cha takwimu, naona masomo ya darasani ni msaada mkubwa, hata kama yanaongeza muda. Anayesoma huku ameajiriwa ajue kwamba ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkuu wa idara haidumu, kwani wakuu huhamishwa. Barua ya mwajiri inayotaja siku za masomo kwa wiki, miezi ya kukusanya data, na nani atalipa ada endapo muda utaongezeka, ipatikane kabla ya malipo ya kwanza kufanywa.