Je, wajua kwa nini Tamil Nadu hutenga nafasi 69 kati ya 100, ilhali mahakama imesema mwisho ni 50?

Novemba 1992, majaji 9 wa Mahakama ya Juu ya India walitoa hukumu katika kesi ya Indra Sawhney ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini humo anaijua: nafasi zinazotengwa kwa makundi yaliyonyimwa fursa zisizidi asilimia 50, isipokuwa pawe na hali ya pekee kabisa. Miaka zaidi ya 30 baadaye, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa nchi hiyo, idadi bado ni 69. Wala haifanywi kwa siri. Imeandikwa kwenye sheria, inatangazwa kwenye miongozo ya udahili, na DMK na AIADMK, vyama viwili vilivyopokezana madaraka huko kwa miongo kadhaa, vinagombea sifa ya nani aliilinda zaidi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Nafasi 30 ni za makundi yaliyoachwa nyuma. Nyingine 20 ni za yaliyoachwa nyuma zaidi, pamoja na jamii ambazo Waingereza waliziorodhesha kuwa za kihalifu kwa kuzaliwa. Wadalit, yaani wale walioitwa wasiogusika, wana 18, na makabila ya asili 1. Ndani ya zile 30 Waislamu wana 3.5 zao. Zinabaki 31.

Watu wengi wakishatoa 69 kwenye 100 huziona zile 31 kuwa fungu la Wabrahmani, kasta ya makuhani, na wenzao wa kasta za juu. Sivyo. Zile 31 hazina mwenyewe. Waombaji wote hupangwa kwenye orodha moja kwa alama zao, bila kutazama kasta, na 31 wa mwanzo huingia. Binti wa Kidalit akishika namba 12, anaingia kwa namba hiyo na hahesabiwi katika zile 18 za Wadalit. Hizo zinamngoja mwingine. Ndipo mafungu yaliyotengwa huanza kujazwa. Katika udahili wa vyuo vya udaktari, sehemu kubwa ya nafasi hizo za wazi huchukuliwa na watoto wa makundi yaliyoachwa nyuma. Kwa hiyo anayesema “wanaopendelewa ni 69 na wenye akili ni 31” amekosea mara mbili katika sentensi moja, na si jambo rahisi.

Dhana ya pili imeenea zaidi, na ndiyo inayofanya 69 ionekane kichekesho. Ni ile inayouona utaratibu huu kuwa msaada kwa maskini. Tamil Nadu ina viwanda vya magari na ni miongoni mwa majimbo yaliyoendelea India. Inakuwaje zaidi ya theluthi mbili ya nafasi ziwe za watu wa kusaidiwa? Swali hili halijibiki mpaka mtu aache kufikiria umaskini. Siasa za Kidravida, yaani harakati ya kusini iliyozaa DMK na AIADMK, hazikuanza kwa kuuliza nani ana njaa. Zilianza kwa kuuliza nani amekaa ofisini.

Wahindi waliofika pwani ya Afrika Mashariki walitoka hasa Gujarat, Kutch, Punjab na Goa, kwa hiyo siasa za kusini hazikuja nao. Kwa ufupi: lugha kubwa nne za kusini, Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, ni za ukoo wake peke yake, mbali na Kihindi na Kisanskriti. Mwaka 1856 mmisionari Robert Caldwell alichapisha sarufi linganishi iliyouita ukoo huo Dravida. Wanasiasa waliongeza hatua moja mbele: kama lugha ni nyingine, basi na watu ni wengine, na ngazi ya kasta yenye Mbrahmani juu ililetwa na wageni wa Kiarya kutoka kaskazini. Ukoo wa lugha umethibitishwa. Ukoo wa damu uliojengwa juu yake hausimami vizuri vile, kwa kuwa watu wa India wamechanganyika mno. Lakini hoja ya siasa haikuhitaji damu, ilihitaji takwimu, na takwimu zilikuwapo.

Katika mkoa wa Madras wa enzi ya Waingereza, Wabrahmani walikuwa kama asilimia 3 ya watu. Mwaka 1912 walishika zaidi ya nusu ya nyadhifa za naibu mkuu wa wilaya zilizo mikononi mwa Wahindi, na zaidi ya asilimia 70 za uhakimu wa wilaya. Novemba 1916, daktari T. M. Nair na mfanyabiashara Theagaraya Chetty walikuwa mstari wa mbele kuanzisha chama kilichokuja kujulikana kama Justice. Hebu tazama: daktari na mfanyabiashara. Wenye ardhi nao walikuwamo. Hawakuwa watu wa kulilia mkate. Walichokataa ni kwamba mtu anaweza kuwa na mali, elimu na heshima kijijini kwake, kisha akifika mahakamani, shuleni na kwenye ofisi ya kodi akakuta sura za jamii moja tu.

Walishinda uchaguzi wa 1920, na mwaka uliofuata ikatoka amri ya kwanza ya kugawa ajira kwa jamii. Mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya waziri S. Muthiah Mudaliar, mgawo ukapata sura kamili. Kila nafasi 12 za kazi: 5 kwa Wahindu wasio Wabrahmani, 2 kwa Wabrahmani, 2 kwa Waislamu, 2 kwa Wakristo na machotara wa Kiingereza, 1 kwa watu wa tabaka lililokandamizwa. Wabrahmani, waliolengwa na harakati yote hii, walipewa fungu lao rasmi, tena kubwa kuliko idadi yao. Aliyedhani mfumo huu ni chuki iliyovaa tarakimu huwa hana jibu la haraka kwa hizo 2.

Naye E. V. Ramasamy, aliyeitwa Periyar, alikuwa mwanachama wa Congress, chama kilichoongoza kudai uhuru wa India. Mwaka 1925, kwenye mkutano wa Kanchipuram, alitaka chama kikubali uwakilishi wa jamii kwa idadi yao. Walipomkatalia alitoka, na harakati yake ya Kujiheshimu ikashika kasi: ndoa bila kuhani, majina bila alama ya kasta, dhihaka za wazi kwa miungu. Mwaka 1944 aliunda Dravidar Kazhagam. Miaka mitano baadaye C. N. Annadurai alijitenga naye na kuanzisha DMK, kilichotwaa jimbo kwa kura mwaka 1967. Dravidar Kazhagam cha Periyar hakikuwahi kugombea uchaguzi, jambo linalowasumbua kidogo wanaotafuta picha ya kawaida ya mwanasiasa.

Kwa hiyo mgawo wa Madras ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 Katiba ya India ilipoanza kutumika Januari 1950. Wanaodhani nafasi zilizotengwa ni zawadi iliyoshushwa kutoka Delhi wameigeuza historia miguu juu. Delhi ndiyo nusura iuzime mgawo huo, kwa sababu Katiba ilikataza raia kubaguliwa kwa kasta. Mwanamke Mbrahmani aliyeitwa Champakam Dorairajan alifungua kesi akisema mgawo unamzuia kusoma udaktari. Alishinda Mahakama Kuu ya Madras, kisha Aprili 1951 akashinda Mahakama ya Juu, ingawa hukumu yenyewe inataja kwamba hakuwa ameomba nafasi chuoni. Kusini kukawaka. Juni mwaka huohuo Bunge likapitisha Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, na kifungu cha 15(4) kikaruhusu serikali kuweka mipango maalumu kwa makundi yaliyo nyuma. Kumbuka marekebisho hayo. Yana sehemu nyingine tutakayoirudia.

Sasa 69 zilipatikanaje? Kwa kuongezwa kidogo kidogo, na mara moja kwa mruko. Baada ya 1951 makundi yaliyoachwa nyuma yalikuwa na 25 na Wadalit pamoja na makabila ya asili 16. Mwaka 1971 serikali ya M. Karunanidhi iliyapandisha kuwa 31 na 18, jumla 49. Kisha akaja M. G. Ramachandran, mwigizaji wa filamu aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo, na mwaka 1979 alifanya jambo ambalo mtu wa nje angeliona la busara tupu: aliweka kikomo cha kipato. Familia ya kundi lililoachwa nyuma ikipata zaidi ya rupia 9,000 kwa mwaka, mtoto wake hana fungu. Yaani aliugeuza mgawo kuwa msaada kwa maskini.

Januari 1980 chama chake, AIADMK, kilipata viti 2 kati ya 39 vya jimbo hilo katika uchaguzi wa bunge la taifa. Kulikuwa na sababu nyingine, hasa muungano wa DMK na Congress, lakini yeye aliusoma ujumbe upesi. Alifuta kikomo cha kipato, na juu ya hapo akapandisha fungu la makundi yaliyoachwa nyuma kutoka 31 hadi 50. Jumla ikawa 68, kwa mpigo mmoja wa kalamu ya mtu aliyetaka kupunguza wanufaika. Mwaka 1989 zile 50 zikagawanywa 30 na 20 baada ya maandamano makali ya Wavanniyar, jamii mojawapo ya makundi hayo, waliodai wenzao wakubwa wanawafunika. Mwaka 1990 makabila ya asili yakapata 1 yao. Ikatimia 69.

Miaka miwili baadaye mahakama ikasema 50. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe.

Chukua nyumba ya Kiswahili yenye baraza. Mgeni, hata akiwa kadhi, hukaribishwa barazani, na kilichowekwa barazani anaweza kukitazama, kukigeuza na kukitia kasoro. Ndani hapiti. Sheria za kawaida za India zinakaa barazani: jaji akiona sheria inavunja haki za msingi, huibatilisha. Lakini Katiba ina kiambatisho kiitwacho Jedwali la Tisa, na hicho ndicho chumba cha ndani. Sheria ikishaingizwa humo, kifungu cha 31B kinasema haiwezi kubatilishwa kwa hoja kwamba inakiuka haki za msingi. Chumba hicho kilijengwa na yaleyale Marekebisho ya Kwanza ya 1951, kwa kusudi tofauti kabisa: kulinda sheria za kuwanyang’anya mabwanyenye ardhi. Zilianza sheria 13, zote za ardhi. Na jimbo halina ufunguo wake. Ufunguo uko kwa Bunge la Delhi, tena kwa kurekebisha Katiba.

Waziri kiongozi Jayalalithaa, Mbrahmani kwa kuzaliwa, ndiye aliyepitisha sheria ya 69 na kuibana Delhi mpaka ufunguo ukatoka. Agosti 1994, Marekebisho ya 76 yakaiingiza sheria hiyo ndani. K. Veeramani, mrithi wa Periyar katika Dravidar Kazhagam, akamtunuku jina la shujaa aliyelinda haki ya kijamii. Mrithi wa harakati dhidi ya ukuu wa Wabrahmani kumvika Mbrahmani taji hilo ni jambo ambalo mtunzi wa tamthilia angeambiwa amezidisha chumvi.

Mlango haukubaki kimya. Kwa miaka kadhaa mahakama iliamuru vyuo viongeze viti kwa wale ambao wangeingia laiti kikomo kingekuwa 50. Kisha Januari 2007, katika kesi ya I. R. Coelho, iliyotoka pia Tamil Nadu na kuhusu ardhi ya Gudalur, majaji 9 walisema: vilivyokuwa ndani kabla ya 24 Aprili 1973 hatuvigusi, lakini kilichoingizwa baada ya siku hiyo tunaweza kukifuata humohumo ndani, tuangalie kama kinabomoa nguzo za Katiba. Sheria ya 69 iliingia 1994. Julai 2010 mahakama iliiacha iendelee kwa sharti kwamba jimbo lilete takwimu za kuihalalisha.

Je, mgawo umeleta haki? Mwaka wa masomo 2021–22, vijana wa Tamil Nadu walioandikishwa elimu ya juu walikuwa asilimia 47, dhidi ya 28.4 kwa India nzima. Kusema 69 ndizo zilizoleta 47 kungekuwa haraka mno: kuna chakula cha mchana shuleni, kilichopanuliwa na K. Kamaraj wa Congress miaka ya 1950 na baadaye na Ramachandran mwaka 1982, kuna viwanda, kuna vyuo vingi vya binafsi. Na walionufaika hawakunufaika sawa. Wadalit walikuwa asilimia 20 ya jimbo katika sensa ya 2011, ilhali fungu lao ni 18. Desemba 1968, DMK ikiwa madarakani, vibarua wa Kidalit na familia zao, watu 44, walichomwa moto Kilvenmani katika mgogoro na wenye mashamba, na wenye mashamba hao hawakuwa Wabrahmani. Itikadi iliyochora mstari kati ya Mbrahmani na wengine wote ilichelewa kuona mistari mingine, na wakosoaji wa Kidalit wamelisema hilo kwa miongo.

Mwaka 2019 Delhi ilitenga asilimia 10 kwa maskini wa kasta za juu, kwa kipimo cha kipato. Tamil Nadu ilikataa kuitekeleza. Mahakama ya Juu iliubariki mpango huo Novemba 2022 kwa majaji 3 dhidi ya 2, na walio wengi wakaona kwamba kikomo cha 50 si kitu kisichopindika. Jaji Ravindra Bhat, mmoja wa wawili waliopinga, alitahadharisha kwamba kesi dhidi ya Marekebisho ya 76 ingali mbele ya mahakama, na kauli hiyo ya walio wengi inaweza kuamua hatima yake. Ingekuwa habari njema kwa wenye 69. Hata hivyo DMK, kilichokuwa kikitawala jimbo wakati huo, kikaomba hukumu ipitiwe upya na mpango ufutwe. Ombi likatupwa Mei 2023.