Patasi butu si salama kwa mwanafunzi

Kwenye karakana za useremala hapa Mtwara bado utasikia kwamba mwanafunzi mgeni apewe patasi butu, asije akajikata. Nia ni njema, ila mambo ni kinyume kabisa. Patasi kali huingia kwenye mbao kwa nguvu kidogo, na mkono unaimudu. Butu haikati, inateleza. Mwanafunzi anaongeza nguvu, anaegemea kwa bega, na ikichomoka ghafla inaishia kwenye mkono wa pili ulioshika ubao. Kwenye mti mgumu kama mpingo, hatari ni kubwa zaidi.

Basi afundishwe kunoa kwanza. Ulalo wa makali uwe kati ya digrii 25 na 30. Sugua kwenye jiwe lenye maji au mafuta mpaka mkunjo mwembamba wa chuma ujitokeze upande wa mgongo, kidole kitauhisi. Geuza, laza mgongo bapa juu ya jiwe, uondoe mkunjo huo. Jaribu kwenye kipande cha mninga: ikitoa unyoya mwembamba wa mbao bila kuchana, iko tayari.

Halafu ubao ubanwe kwa jiliwa, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Hilo, jamani, halina mjadala.