Kichwa cha treni ndogo cha mtumba kimegoma: mota ilaumiwe mwisho

Kwenye matangazo ya vichwa vya treni ndogo (mifano ya treni inayokimbia kwa umeme) za mtumba mtandaoni, kuna semi mbili za kuangalia: "hakijajaribiwa" na "kilikuwa kinafanya kazi kilipowekwa". Ule wa kwanza mimi huusoma hivi: kimejaribiwa, kikakataa. Wa pili mara nyingi ni kweli, ila huko kuwekwa kabatini kulikuwa miaka mingi iliyopita. Nikipewa kuchagua nachukua cha pili, maana ugonjwa wake wa kawaida ni grisi iliyoganda, na grisi ina dawa.

Wengi wakiona kichwa hakisogei hukimbilia kuagiza mota. Mota ilaumiwe mwisho. Kabla yake kuna chasisi, gia, vibamba vya kukusanya umeme na nyaya, na humo ndimo hitilafu nyingi hujificha.

Anza na umeme wa ukutani. Kontrola, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli, ikiwa imetoka Uingereza haina shida, plagi na volti zao ni kama zetu. Ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 240 itaungua, labda kibandiko chake kiwe kimeandikwa 100–240. Kichwa chenyewe hakijali kimetoka wapi, kwani vingi vya kawaida hutumia DC ya volti 12 kutoka kwenye reli. Ila kigeuze uangalie tumbo. Ukiona kibamba kirefu cha chuma katikati, mfano wa kiatu cha kuburuza, hicho ni cha mfumo wa reli tatu wa kampuni ya Märklin. Magurudumu yake ya kushoto na kulia yameungana kiumeme, kwa hiyo kwenye reli mbili za DC kitapiga shoti.

Hakikisha pia upana wa reli. Kipimo cha HO ni 1:87, yaani kidogo mara 87 kuliko treni halisi, na OO ya Waingereza ni 1:76, na zote mbili hupita kwenye reli ya milimita 16.5. Reli ya SGR inayofika Miritini ina milimita 1,435. Gawanya kwa 87 unapata hiyo 16.5. Ile reli ya zamani ya mita moja ingekuwa 11.5, ndiyo maana anayetaka kuigiza treni za Uganda Railway hutafuta vitu vya HOm, vya milimita 12, na havipatikani kirahisi.

Sasa chasisi. Vichwa vingi vimejengwa juu ya aloi ya zinki, na ikiwa kiwandani ilichanganyika na madini ya risasi, hata kidogo, baada ya miaka huanza kuoza kwa ndani. Inavimba, inapinda, inapasuka nyufa kama udongo mkavu, mwishowe inamegeka kwa vidole. Joto na unyevu huharakisha mambo, na Mombasa tuna vyote. Gundi haisaidii, kulehemu hakuwezekani. Kabla ya kulipa, omba picha ya tumbo na ya ubavu huku rula imelazwa kando yake. Bodi (ganda la juu) ikiwa imeachana na chasisi mwishoni, au chasisi imejikunja kama ndizi, acha. Hapo unanunua vipuri tu.

Chasisi ikiwa nzima, usikiweke kwenye reli bado. Zungusha shafti ya mota au flaiwili (gurudumu zito lililo kwenye shafti) kwa kidole. Ikikataa, usiwashe umeme: mota iliyokwama hunyonya ampea nyingi bila kuzunguka, na waya wa amecha, sehemu ya mota inayozunguka, huungua. Fungua sanduku la gia. Grisi ya zamani utaikuta ya kahawia, ngumu kama nta, imejaa katikati ya meno.

Kuiondoa kunahitaji spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Usinunue spiriti ya kidonda ya duka la dawa, kwa sababu hiyo mara nyingi imetiwa mafuta ya mbarika na huacha utando. Thina nayo huyeyusha plastiki na rangi. Isopropili waulize mafundi wa simu, wengi huwa nayo kwa kusafishia bodi za simu. Loweka gia, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano kwenye kila beringi ya chuma, na grisi nyeupe isiyodhuru plastiki kwenye gia, ukubwa wa punje ya mtama. Mafuta ya kupikia au ya nazi usiyakaribishe, yanaganda upya.

Ukishasafisha, tazama kila gia chini ya mwanga mkali. Kichwa kinachopiga "tik, tik" kila gurudumu likizunguka mara moja kina gia iliyopasuka kwenye ekseli. Gia ya plastiki imebanwa kwa nguvu juu ya chuma, na miaka ikipita inachanika kwenye shina la jino. Pale kwenye ufa meno mawili yanaachana kupita kiasi na kugonga. Vichwa vya Proto 2000 vya Life-Like vinajulikana kwa hilo, na bahati nzuri gia za kampuni ya Athearn zinaingia humo. Usijaribu gundi: plastiki hiyo haishiki, na hata ikishika, nafasi ya meno haitarudi.

Kinachofuata ni njia ya umeme, na hapa maltimita ndiyo mwamuzi. Pima kutoka ukingo wa kila gurudumu linalokusanya umeme hadi kwenye terminali ya mota ya upande wake. Isomeke omu 1 au pungufu. Ikipanda au kurukaruka, safisha magurudumu kwa pamba ya masikio yenye spiriti. Msasa uache, michubuko yake hukamata uchafu zaidi. Hewa ya chumvi hufanya vibamba vya shaba viote ukijani, hasa nyumba za Nyali na Kizingo zinazotazama bahari. Vikwangue taratibu, kisha vikunje kidogo viguse gurudumu bila kulibana. Kwenye vichwa vya zamani vya kampuni za Hornby na Lima, bogi (kigari cha magurudumu chini ya kichwa) yenye mota hukusanya umeme upande mmoja tu, na upande wa pili hutoka bogi nyingine kupitia waya mmoja mwembamba. Ukikatika huo kwenye lehemu, kichwa chote kimekufa na mota ni nzima.

Kama kuna dikoda ya DCC, yaani kibodi kidogo kinachopokea amri za kidijitali kupitia reli, itoe kwanza. Kwenye soketi ya pini 8, unganisha tundu 1 na 8, halafu 4 na 5, ujaribu kwa DC ya kawaida. Kikienda, dikoda ndiyo yenye neno: jaribu kuiita kwa anwani 3, au andika 8 kwenye CV8 (mpangilio namba 8 wa dikoda) kuirudisha ya kiwandani, jambo linalokubaliwa na dikoda nyingi.

Mota sasa. Itenganishe na gia, uiguse kwa betri ya volti 9. Ikizunguka vizuri peke yake, rudi kwenye gia. Ikisuasua, safisha komuteta (vipande vya shaba kwenye shafti vinavyopokea umeme) kwa spiriti na uchokoe mianya yake kwa kijiti cha meno, maana unga wa kaboni hujaa humo na kupiga shoti. Angalia urefu wa kaboni zinazogusa komuteta na nguvu ya springi zake. Kwa mota ya nguzo tatu, toa kaboni na upime omu kati ya vipande vya komuteta, jozi zote tatu; zisomeke sawa. Moja ikitofautiana sana, waya wa amecha umekatika au umeungua, na hapo ndipo mota inapokuwa na hatia.

Mota za X04 za kampuni ya Tri-ang zina jambo lake. Zikipata moto na kunywa umeme mwingi bila nguvu, kaboni na komuteta zikiwa safi, sumaku imechoka. Usiichomoe sumaku hiyo kutoka kwenye fremu bila kuiwekea kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake. Ikikaa wazi inapoteza nguvu zaidi.

Ukimaliza, kizungushe nusu mwendo dakika 30 kwenda mbele, 30 kurudi nyuma, ukigusa mota kila baada ya muda. Kikiruka kwenye maswichi (pale reli inapogawanyika), pima kati ya migongo ya magurudumu: milimita 14.4 hadi 14.5. Na kikisimama mahali pale pale kila mzunguko, kiache kichwa, kagua kiungio cha reli.