Tope la oili kwenye lori kuukuu: maneno ya gereji na ya kweli

Fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ya lori lililozeeka kwa kubeba makontena kati ya bandari ya Kilindini na Miritini, Mombasa, utakuta kitu cheusi kimeganda pembeni kama lami iliyopoa. Kikwangue kwa bisibisi, kinabanduka vipande vipande. Hilo ndilo tope la oili, na magereji ya Changamwe yana maneno mengi juu yake.

"Tia mafuta ya taa, ingurume dakika kumi, mwaga. Itatoka safi."

Hili nililiamini, likanigharimu. Fundi alitia, akamwaga, kikatoka cheusi tukafurahi. Siku ya tatu, lori likipandisha mlima wa Mazeras na mzigo, taa ya presha ya oili ikawaka. Bahati dereva alizima papo hapo. Tulipoteremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wavu wa chujio la pampu ya oili ulikuwa umezibwa, umebaki upenyo wa kidole.

Mafuta ya taa hayalimalizi tope, hulibandua. Vipande vinashuka kwenye sampu, pampu inavivuta, chujio linaziba, na beringi pamoja na turbo zinabaki na njaa ya oili. Tena mafuta ya taa huifanya oili iliyobaki kuwa nyepesi kama maji, vyuma vikasagana.

Tope likishakuwa nene, dawa ni mikono. Teremsha sampu, osha chujio, kwangua juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, huku matundu ya kurudishia oili umeyaziba kwa matambara. Kisha tia oili ya injini ya dizeli ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara mbili tatu za mwanzo ibadilishe mapema, nusu ya kilomita ulizozoea, pamoja na filta. Sabuni iliyomo ndani ya oili italila tope lililobaki polepole. Filta kuukuu ipasue uitazame ndani, ndiyo itakayokwambia kazi imefika wapi.

"Oili imekuwa nyeusi, basi ni tope."

Hapana. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu inabeba masizi yasigande. Ndiyo kazi yake. Isugue baina ya vidole: ikiteleza na kutiririka, iache. Lakini ukiona rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia, hayo ni maji. Kama na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya hedi au kipoza oili, na hapo hakuna usafishaji utakaosaidia.

"Halijatembea sana, oili bado."

Wenye malori ya bandarini, hapa ndipo tunapojidanganya. Foleni ya getini kilomita hazisogei, injini inanguruma saa nzima. Ikinguruma bila kazi haipati joto la kutosha kukausha maji na dizeli vinavyopenya kwenda kwenye oili. Hesabu saa, si kilomita peke yake.

"Weka oili nzito, presha ipande."

Sindano ya geji ya presha itapanda, ndiyo. Chujio bado limeziba, na oili nzito hupita hapo kwa taabu zaidi.

Na bomba la kupumulia injini, ambalo mafundi wengi hulipita tu: likiziba, mvuke na gesi chafu hubaki ndani, na tope linaanza upya. Livue, lipulize, lirudishe. Ni kazi ya robo saa.